Asumini ya Mtu Asiye na Pua

Watu wa Mlolongo wakikuambia fundi Muema hana pua, usikimbilie kumtazama usoni. Pua anayo, tena kubwa, aliyoirithi kwa babake, na imekaa pale pale pua za watu wote hukaa. Kasoro yake ni kwamba haifanyi kazi. Kwa miaka mingi Muema ameziba pancha za malori karibu na mizani ya barabara kuu, akivuta gundi ya viraka na moshi wa dizeli tangu asubuhi hadi jua kutua, mpaka pua ikachoka ikafunga duka. Maziwa yakichacha yeye hunywa tu. Chakula kikiungua husubiri mpaka aone moshi.

Majirani zake kwenye ghorofa alikopanga, hasa Emily wa mlango wa pili, waliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Aliyeliona kuwa msiba ni Linet, mkewe, aliyekuwa akikaa Kola kwenye shamba lao. Kila alipokuja kumtembelea mumewe, alisimama mlangoni na kuziba pua kwa pindo la leso.

"Baba Mumbua, hii nyumba inanuka tairi. Wewe mwenyewe unanuka tairi. Hata chai yako iko na tairi!"

Kabla jua halijapoa alikuwa ameshika kiondo chake na kurudi Kola.

Mumbua, binti yao wa pekee, alikuwa amekwisha kuolewa huko Masinga. Kwa hiyo Linet alikuwa akila isyo yake, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, peke yake Kola, na Muema akila ugali wake peke yake Mlolongo huku akitazama ukuta. Alimtaka mkewe aje wakae pamoja. Nalisema wazi hapa kwa sababu yeye hakuwahi kulisema. Mwanamume huyu anaweza kuinua lori lenye kokoto kwa jeki, lakini maneno mawili tu, "njoo tukae", yalimshinda uzito.

Asiyeweza kusema hutafuta njia nyingine. Siku moja Muema alisimama kwa Festus, kijana anayeuza miche kando ya barabara kuu, akiwa bado na mikono myeusi ya kazi.

"Nipe maua yenye inaweza kushinda tairi," alisema.

Festus alidhani ni mzaha. Alipoona mzee hacheki, akamletea mche mwembamba wa asumini, ile ya kutambaa. "Hii ikitoa maua ndani ya nyumba, hata watu wa chini watapanda ngazi kuuliza ni nini. Lakini usiijaze mbolea, mzee. Na ikae karibu na dirisha, ipate hewa."

Muema alishika sentensi ya kwanza. Nyingine ziliingia sikio hili zikatokea lile.

Aliipanda sebuleni, ndani ya tairi kuukuu alilolikata na kulipindua likawa kama karai. Emily alipoliona alishika kiuno. "Sasa mzee, unafukuza tairi na tairi?" Muema aliendelea na kazi. Alikuwa akifunga kamba kutoka kwenye tairi hadi juu ya pazia, mmea upate pa kupandia.

Sasa, mtoto aliyelelewa Kola kama Muema, ambako mvua huja ikipenda na udongo ni mwekundu na mgumu, hukua akijua jambo moja kuhusu mimea: mmea usiozaa una njaa. Samadi kwake ni heshima, na heshima haizidi. Muema akampigia mkewe simu.

"Nitumie gunia ya samadi ya mbuzi."

"Samadi ya nini? Unapanda mahindi kwa kitanda?"

"Wewe tuma tu."

Gunia likaja, na asumini ikala. Na kwa kuwa vumbi la machimbo ya mawe huingia hata kwenye sukari, Muema alifunga madirisha yote, asumini isije ikapata mafua. Wacha mmea ufurahi! Ulipanda kamba ukafika kwenye pazia, ukaizunguka televisheni, ukafunika kalenda mpaka Muema akawa haijui siku ila kwa kuuliza. Mgeni akikaa kwenye kochi kidogo, akiinuka anainuka na majani begani. Majani yalikuwa mengi, mabichi, manene. Ua hata moja hakuna.

Kila asubuhi Muema aliingiza pua yake kwenye majani, akavuta pumzi, kisha akakumbuka kwamba hilo halina maana. Akaamua kuazima pua.

"Emily, hebu kuja uninusie."

Emily akaja, akafumba macho, akavuta hewa polepole kama mtu anayeonja mchuzi.

"Nasikia mbuzi, mzee."

Mwishoni mwa mwezi wa tano, Linet alitokea bila kuarifu wala kualikwa. Alikuja kuona samadi yake ilikwenda wapi. Alipofungua mlango, leso ilipanda puani yenyewe.

"Asi! Baba Mumbua, umehamia msituni? Kwanza ilikuwa tairi, saa hii ni tairi na zizi!"

"Ni maua," Muema akasema, akitazama viatu vyake.

"Maua iko wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Angeweza kumwambia, "Nimeipanda kwa sababu yako." Badala yake alijikuna shingo. Linet naye si mtu wa kungoja watu wajikune. Alienda jikoni akatoka na kisu, akaanza kukata. Huko kwao, mbaazi zikishavunwa hukatwa shina likabaki fupi, nazo huchipuka upya na kuzaa tena; basi alivyozifanyia mbaazi ndivyo alivyoifanyia asumini ya watu. Akazoa samadi yote ya juu akairudisha kwenye gunia, kisha akafungua madirisha kwa kishindo.

"Baridi inakuja, itaiua!" Muema alilia.

"Mmea ikinona sana haizai. Na mbaazi yangu hutoa maua wakati wa baridi, si wakati wa joto. Hata wewe ulianza kunitafuta wakati wa baridi."

Akachukua kiondo chake akaenda zake.

Muema alikaa kwenye kochi akatazama vijiti vilivyobaki. Aliumia, tena sana. Ilikuwa kama ameandika barua ndefu na aliyeandikiwa ameichana bila kuisoma. Lakini hakuyafunga madirisha. Linet alikuwa ameyafungua kwa mkono wake, basi yangekaa wazi.

Na baridi ya mwaka huo haikuwa na huruma. Muema alikula akiwa amevaa koti na kofia ya sufu, vumbi likimkolezea mboga. Emily alimuuliza kama amekodi nyumba au jukwaa la uwanjani. Lakini vile vijiti vilichipuka, taratibu safari hii, vikatoa majani madogo yasiyo na majivuno. Baadaye, katikati ya majani, vikatokea vitu vyekundu-vyekundu vyembamba, ambavyo Muema alidhani ni ugonjwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane Emily aligonga mlango kwa nguvu. "Mzee! Umeanza kununua marashi? Ngazi yote inanukia!"

Muema aligeuka. Vile vyekundu vilikuwa vimefunguka vikawa maua meupe, madogo, yameenea kamba nzima. Akaenda mbio akachomeka pua katikati yake akavuta mpaka kifua kikajaa. Hakusikia kitu. Alifurahi na akasononeka kwa pamoja, maana alikuwa amepika karamu asiyoweza kuionja. Akachukua simu.

"Mama Mumbua, kuja."

"Kuna nini?"

"Wewe kuja tu."

Linet alifika siku hiyo hiyo. Alisukuma mlango, akaingiza mguu mmoja, akasimama. Leso ilibaki kiunoni. Muema alimkodolea macho, kwa kuwa uso ule ndio pua pekee aliyokuwa nayo. Uso haukusema lolote. Linet aliweka kiondo chini, akageuka, akatoka nje. Muema akasikia viatu vyake vikishuka ngazi, na moyo wake ukashuka navyo.

Kisha vikapanda. Linet akaingia, akavuta pumzi, akatoka tena. Akarudi. Alipogeuka mara nyingine, Muema alishindwa kuvumilia.

"Mama Mumbua, kama unaenda, si uende mara moja!"

"Naenda wapi? Pua ikikaa ndani inazoea, haisikii tena. Natoka nje kidogo ndio nikirudi niisikie vizuri."

Muema akamsogelea. "Inanukia aje?"

Linet akafikiri. "Kama shamba siku mvua imeanza, halafu mtu amefungua asali hapo karibu." Akanusa tena. "Na tairi."

"Bado?"

"Bado iko. Lakini saa hii imekaa nyuma, kama mtu amechelewa kanisani. Wacha ikae. Hiyo ni yako."

Akatoa simu akampigia Kaluki, jirani yake wa Kola.

"Kaluki, kesho nifungulie mbuzi. Eeh, na kesho kutwa." Akamtupia mumewe jicho, akatazama maua, akatazama lile kochi. "Unajua nini? Wapeleke tu kwako wakae na wako. Mimi niko kwangu huku."

Muema akainama haraka kwenye asumini akajifanya anainusa, ili mkewe asimwone macho.