Jasho la Bi Kalunde

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi wodini Tabora, Sista Mkuu alinikabidhi aproni iliyokakamaa kwa wanga, pamoja na kipima presha, sanduku la mbao lenye bomba la zebaki. Bwana Daktari, Mwingereza aliyependa kueleza mambo kwa mifano ya reli, akanionya: "Kichwa cha mgonjwa wa kiharusi ni boila mbovu ya garimoshi. Akitoka jasho, damu itapanda, bomba litapasuka. Mlaze." Amri hiyo niliibeba nilipohamishiwa zahanati ya Tura, nikarudi nayo Tabora.

Ndipo akaletwa Bi Kalunde wa Ziba. Kiharusi, yaani damu kuziba au kuvuja ubongoni, kilikuwa kimemlegeza upande wa kulia. Mumewe alimwachia neno moja: atarudi baada ya mavuno. Akimkuta anatwanga, watakwenda nyumbani. Akimkuta kitandani, atamrudisha kwa kaka zake.

Nyuma ya wodi ndugu wa wagonjwa walikuwa na jiko lao. Bi Kalunde alijikokota kwa fimbo hadi huko, akaufunga mkono mlegevu kwenye mchi kwa kipande cha kanga, akatwanga mtama na wenzake kwa kupokezana, mpaka gauni likamlowa mgongoni.

"Mama, unatwanga au unaua nyoka?" wakamtania.

"Nyoka ni huu mkono. Ngojeni uamke, utawang'ata!"

Nilimpima kila alipoketi. Zebaki ilipanda; alipopumzika, ilishuka. Mguu ukaanza kukanyaga. Nikamweleza Bwana Daktari.

"Umeiona damu ndani ya kichwa chake?"

"Sijaiona, bwana."

"Basi mlaze."

Naye hakuwa ameiona. Hakuna aliyekuwa na chombo cha kuionea. Hata hivyo mlango wa jikoni ulifungwa kwake, fimbo yake ikachukuliwa. Akalala. Mvua zikakatika, mtama ukavunwa, goti likakauka kama ngozi iliyoanikwa.

Mumewe alipokuja hakuingia. "Anatwanga?" akauliza akiwa mlangoni.

"Shikamoo, baba," nikamjibu. "Alikuwa anatwanga. Amekatazwa."

"Marahaba. Nimeuliza, anatwanga?"

Bi Kalunde akageuza uso kuelekea ukutani. "Mwambie aende, mwanangu. Njia ya Ziba ni ndefu."

Kaka zake walimchukua kwa machela, wakaibeba mabegani kuelekea kijijini kwao, kando ya njia ya zamani ya misafara. Babu zake walipita njia hiyo wakibeba pembe za ndovu hadi pwani. Yeye aliipita akiwa mzigo.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu, daktari, ananiambia siku hizi wagonjwa wa kiharusi huendesha baiskeli isiyokwenda popote, kwa nguvu, huku chombo kikisikiliza damu inavyopita ubongoni.

"Na wakitoka jasho, damu hufanyaje?" nilimuuliza.

"Kwa wengine huongezeka vizuri, bibi. Kwa wengine haiongezeki inavyotakiwa. Ndiyo maana tunapima kwanza."

Wanapima kwanza. Sisi tulianza na kitanda.