Siku tulipoifuata bustani ya maua Minnesota, tukakuta mawaridi yanazikwa

Wakuu, habari za huko mliko.

Hiki kisa sijakiongezea chumvi. Elia niliyekuwa naye anasoma humu humu, nikidanganya ataniumbua mbele yenu.

Miaka ya tisini, Minneapolis. Shule niliiacha kidato cha pili na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali nikapazoea. Wakati huo nilikuwa nalala kwenye kochi la Elia, Mchaga mwenzetu aliyekuwa anasoma chuo, kwenye apartment yake pale Columbia Heights.

Sasa shemeji, mke wa Elia, alikuwa anatua Jumapili kutoka Moshi. Kochi likawa limekwisha.

Asubuhi ya Jumamosi nikaweka begi kwenye buti la gari lake. Jioni anishushe stendi, nipande basi la kwenda Texas. Huko nako sikuwa na mtu.

Elia akasema, "Basi ni la jioni. Kabla hujapotea, twende popote."

Tukaondoka hivyo hivyo, bila ramani. Tukafuata mto Mississippi kuelekea kaskazini. Baada ya mji wa Champlin nyumba zikaanza kuachana, mashamba yakatokea. Nikaona kibao kimechorwa waridi jekundu: bustani, wageni mnakaribishwa.

"Kata kona!" nikamwambia.

Sasa cheka taratibu, mkuu. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Kwetu maua yapo mwaka mzima, nani angetuambia kwamba bustani nayo ina msimu wa kufungwa? Kibao walikisahau tu tangu kiangazi.

Tulipokaribia, maua hakuna. Kuna bibi wa Kizungu na mzee mmoja, wameinama kando ya shimo refu jembamba. Ndani kuna kitu kimefungwa kamba, kimelazwa. Wanakifukia kimya kimya.

Elia akapunguza mwendo. "Bwana wee, hapa kuna msiba. Tugeuze."

"Msiba haupitwi, Elia."

"Hatuwajui hawa!"

"Kwani kwenu Machame huwa unaulizwa unamjua nani?"

Nikashuka, nikavua kofia. Nikamwambia yule bibi pole sana mama, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Beleshi lilikuwa limesimikwa pembeni, nikalichukua, nikatupia udongo. Elia akaja nyuma yangu, kafumbata mikono, kainamisha kichwa kama shemasi.

Bibi akanitazama. Akamtazama mzee. Halafu akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani makavu.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Wamelala tu."

Nikachungulia shimoni. Miiba. Ulikuwa mti wa waridi, mzima, na majani yake machache bado ya kijani.

Bibi, jina lake Dorothy, akatueleza. Baridi ya kule inaua waridi likiwa limesimama. Kwa hiyo kabla ardhi haijaganda wanachimba upande mmoja wa mzizi, wanaulaza mti taratibu, wanaufunika udongo, juu yake majani. Mwezi wa nne wanausimamisha tena.

Mimi kwa udadisi wangu nikauliza kila kitu. Kwa nini upande ule? Mzizi haukatiki? Huku nauliza, huku nalaza. Mpaka mchana unaisha, mstari mzima ulikuwa chini, na Elia viatu vyake vya kanisani vimekuwa matope.

Yule mzee, jirani yake Dorothy, akanipigapiga begani. "Aliyelaza ndiye anayeinua. Ndiye anayejua mzizi umeegemea wapi. Mwezi wa nne utakuwepo?"

Swali kama hilo nilikuwa nalikimbia tangu utoto.

Elia akadakia, "Huyu? Huyu hata kesho hajui atakuwa wapi. Begi lake liko kwenye buti, anangoja basi!"

Alikuwa ananitania. Ila Dorothy hakucheka safari hii. Akatazama gari, akatazama mstari wa mawaridi.

"Chini ya nyumba kuna chumba cha mwanangu, alishahama. Heater ni nzima. Majani ya kukusanya yapo, na theluji itahitaji mtu wa kuisukuma. Lakini nijibu kwanza. Mwezi wa nne?"

"Nitakuwepo," nikasema. Sauti ikanitoka kama ya mtu mwingine.

Elia akanishushia begi, akanikumbatia, akaondoka akipiga honi njia nzima kama msafara wa harusi.

Chumba kilikuwa basement. Kidirisha kimoja juu ukutani, usawa wa ardhi. Nikapanda kitandani nikachungulia: udongo mbichi, majani, na tuta refu tulilotoka kulifukia. Mimi na yale mawaridi tulikuwa kina kimoja chini ya ardhi.

Nikafungua begi, nikatoa nguo zote. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo popote.

Nilichojifunza ni kidogo tu, wakuu: ukikuta watu wanafukia kitu, shuka, shika beleshi. Maswali utauliza ukishachafuka.

Na ndiyo, mwezi wa nne nilikuwepo.

Haya, na wewe uliyekuwa unapita njia tu mahali, nani alikupa sababu ya kutoa nguo kwenye begi? Elia, nawe njoo ujitetee kuhusu vile viatu.