Jumapili Tuliyobishana Juu ya Shosho

Juzi nilipita mtaa wa Makongeni, nikasimama palipokuwa na mstari wetu wa nyumba za wafanyakazi wa reli, sasa zimebomolewa. Kimebaki kipande tu cha sakafu nyekundu, ile ya jikoni kwetu. Rafiki yangu, moyo ulinienda mbio kama siku ile niliyouliza swali langu la kwanza kanisani!

Nyanya yangu, Shosho kama tulivyomwita, alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau githeri ya mahindi na maharagwe motoni, tukala yenye harufu ya moshi. Kisha akasahau Baba Yetu, sala aliyonifundisha mwenyewe. Siku moja nilimtaja Yesu, akauliza, "Huyo ni mtoto wa nani?" Jirani akatikisa kichwa: "Asiyemkiri Bwana amepotea." Tangu hapo hata uji haukunishuka.

Katika shule yetu ya Jumapili, kwenye kanisa la mabati, mwalimu hakutaka tukariri mistari. Alitaka maswali. Mimi sikuwahi kuuliza, na wenzangu walinicheka: "Huyu bubu ataleta lini lake?" Jumapili hiyo nikasimama.

"Mtu akimsahau Mungu bila kupenda, kama Shosho wangu, Mungu atamtupa?"

Kelele zikalipuka, mabati yakataka kung'oka!

"Si lazima umkiri?" mmoja akadakia.

"Alishamkiri, wewe! Ama ukimsahau mamako, anaacha kuwa mamako?"

"Na yule kondoo aliyepotea, alijua njia ya kurudi?"

"Wapi! Mchungaji ndiye alimfuata!"

Mwalimu alicheka hadi akakaa. "Mnajua hii inaitwaje? Teolojia. Ni imani inayouliza ili ielewe." Akanigeukia. "Sasa jibu lipeleke nyumbani. Teolojia isiyomfikia shosho ni kelele tu."

Nilikimbia, viatu mkononi. Shosho alikuwa mlangoni akichambua sukuma wiki, akanitazama kana kwamba mimi ni mgeni. Nikamshika mkono.

"Shosho, hata ukimsahau Mungu, yeye hawezi kukusahau wewe."

Akafikiri. "Na wewe je?"

"Hata mimi siwezi."

"Basi keti, utakula."

Nilikula sahani mbili! Tangu jioni hiyo nilikuwa nikisali Baba Yetu kwa niaba yake, naye akiitikia "Amina" kwa sauti ya kuamsha jirani.

Sasa Shosho hayupo. Kanisa la mabati halipo, na wale wabishi wametawanyika, mmoja anachomelea milango Kariobangi. Juzi nilipanda juu ya ile sakafu nyekundu, nikasali Baba Yetu yote kwa sauti, mimi bubu, wapita njia wakigeuka. Nilipofika mwisho, "Amina" nikamwachia Shosho.