Uvimbe Mpole

Kwa miaka thelathini Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, na siri haikuwahi kulala kinywani mwake. Lakini uvimbe uliomwota kwapani aliuficha mpaka mumewe alipougundua akamkokota hospitali. Kinyama kikakatwa, kikapelekwa kupimwa nchi ya mbali, na majibu yakarudi kwa lugha ya huko. Daktari alikuwa safarini. Muuguzi akampa nakala, akamwambia arudi Jumatatu.

Jumatatu! Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nyumbani mume alivaa miwani, akasoma kwa shida. "Be-ni-gno." Akavua miwani. "Mke wangu, hili lazima ni jina la ugonjwa."

Kesho yake Mama Vifungo alikata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi, akaona heri ajue moja. Akapanda ngazi hadi ofisi ya wifi yake, mfasiri wa nyaraka za mahakama, akamwekea karatasi mezani bila hata salamu.

Wifi akasoma mpaka chini. Kisha akacheka.

"Wifi, unayacheka mauti yangu?"

"Mauti gani? Keti kwanza. Hiki ni Kireno, ila neno lenyewe asili yake Kilatini. Bene ni vyema, na kipande cha pili kinatokana na kuzaliwa. Yaani aliyezaliwa vyema. Warumi walimwita hivyo mtu mpole, mkarimu. Wareno wakalirithi, Wahispania, Waitaliano, hata Waingereza wanalo. Madaktari nao wakaliazima kuuitia uvimbe usiodhuru."

"Mpole?"

"Mpole. Ila ana pacha wake mwovu, maligno. Huyo ndiye wa kuogopwa."

Mama Vifungo akaruka kitini. "Hebu tazama tena herufi ya kwanza! Isije ikawa mpiga chapa alisinzia!"

Wifi akapitisha kidole, mstari kwa mstari. Neno lilikuwemo mara tatu, na mara zote lilianza na B.

Mama Vifungo akashusha pumzi kama aliyetua gunia. "Mpole, eti! Mpole gani anahamia kwapani kwa mtu bila kupiga hodi?"

Wakacheka mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia.

Jumatatu daktari akasema yale yale. Mume, aliyekuwa amejikaza kiume siku zote hizo, akakaa kwenye benchi la korido akalia kwa kwikwi. Mkewe akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Basi, baba. Inuka twende tukale, nasikia njaa ya siku nne."