Mlango wa Simbilisi

Fundi Bushira, mshona nguo wa Gisenyi, alichoshwa na paka wa jirani aliyewavizia uani simbilisi wake, vijinyama vya kufugwa mfano wa panya wanene. Akawajengea kibanda cha kukimbilia. Kwa ajili ya mlango, alimpima tumbo simbilisi mnene kuliko wote kwa futi kamba yake, kisha, kwa mazoea, akaongeza vidole viwili vya kupumulia, kama anavyowashonea wateja wajawazito.

Asubuhi akasikia makelele. Akatoka mbio na kandambili moja, akamkuta paka amekwama mlangoni, kichwa ndani, mkia nje. Simbilisi wamejibanza pembeni, wote wazima. Akamchomoa, akimtukana yeye na ukoo wake.

Mkewe alicheka hadi machozi. “Baba Zuhura, mulango imemukaa!”

Bushira akamtazama paka akitokomea.

“Kiunoni inamubana,” akanung'unika.