Maji ya Jumamosi

Mwanangu, iko Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo hunijia kila ninapomwona mtu akifungua chupa ya maji. Nilikuwa nimeinama kwenye chemchemi ya kwetu, chini ya kilima, nje kidogo ya Rangwe, nimetega mtungi kwenye bomba la chuma lililochomekwa kwenye mwamba. Kiangazi kilikuwa kikali, na nilijua ningekaa pale mpaka miguu ife ganzi. Nikageuka kujifunga leso vizuri. Niliporudisha macho, mtungi ulikuwa unafurika.

Sikufurahi. Nilishtuka. Jana yake wanawake walikuwa wamepanga foleni hapo tangu alfajiri, wakigombania maji yaliyokuwa yakidondoka tone moja moja. Mvua haikuwa imenyesha. Sasa haya yametoka wapi?

Nakuandikia haya kwa sababu ya simu yako. Umeniambia umepata nafasi chuoni, unakwenda kusomea namna ya kusimamia uendelevu ndani ya mashirika ya biashara. Ulilitaja jina la kozi haraka haraka, kama mtu anayeogopa kwamba shangazi yake hataelewa. Naelewa, mwanangu. Nilisomea jambo hilo hilo kabla hujazaliwa, enzi ambazo ukitamka neno uendelevu, watu wa kwetu wanadhani unasomea udereva.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya mapokezi katika kampuni ndogo ya maji ya chupa. Ilikuwa juu ya kilima kile kile, na ilikuwa imechimba kisima chake yenyewe. Mkurugenzi wetu, Bwana Ochola, alikuwa mtu mpole, Msabato wa kweli. Ijumaa jua likielekea kuzama, kila kitu kilizimwa, hadi taa za uani, na kazi ikaanza tena Jumapili. Alikuwa amejengea shule yetu darasa zuri la mawe, na kando ya barabara amepanda miti. Watu walimsifu, nami nilimsifu.

Siku moja akaniita ofisini. Akasema kampuni itanisomesha diploma, masomo ya jioni, Homa Bay mjini. "Hoteli zinazonunua maji yetu zimeanza kuuliza maswali," akaniambia. "Tunaishije na wenyeji, taka zetu zinakwenda wapi, mambo kama hayo. Nataka mtu wa kuwajibu. Wewe ni mtoto wa hapa. Watakuamini."

Nilimshukuru sana. Ni njiani nikirudi nyumbani ndipo lile neno lake la mwisho lilipoanza kuniwasha. Watakuamini. Wataniamini kuhusu nini?

Nilipita kwa Dani Apiyo kumpa habari. Dani ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa bibi wa kijiji kizima, kwa kuwa wengi wetu tulizaliwa mikononi mwake. Nilitarajia vigelegele. Yeye akaendelea kuchambua omena wake, wale dagaa wa ziwani, kisha akauliza, "Wanakusomesha ili ujue, au ili uongee?"

"Dani, si ni kitu kimoja?"

"Mimi nimekuuliza tu, nyathina," akasema. Nyathina maana yake ni mtoto wangu. Alipotaka kukugombeza ndivyo alivyokuita, kwa sauti ya chini, halafu akakuacha ujigombeze mwenyewe. Nilikasirika. Nilijiambia mzee huyu ana wivu. Lakini wiki nzima swali lile lilikuwa linanifuata jikoni.

Chuoni nako nilimkuta Mwalimu Chacha, Mkuria wa kule karibu na mpaka wa Tanzania, mtu mwembamba ambaye hakuamini chochote. Tulikuwa tukimcheka kwamba hata ukimwambia mvua inanyesha, lazima kwanza atoe mkono nje ya dirisha. Tulimletea mifano ya kampuni zilizopanda miti, zilizogawa vitabu, zilizofadhili mpira wa vijana. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Hayo ni mazuri. Lakini kampuni yenyewe inachukua nini, inachukua kwa nani, na nani ameenda kuangalia?" Kwake yeye, mtu anayesimamia uendelevu katika biashara na asiulize hayo ni mpambaji wa sherehe tu.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo Jumamosi ile, mtungi unafurika miguuni pangu. Sisi ni Wakatoliki, kwa hiyo Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya kufua na kuteka maji. Kiwanda kule juu kilikuwa kimya kwa ajili ya Sabato. Nikatazama juu, nikatazama bomba, na moyo wangu ukafanya hesabu kabla sijauambia ufanye.

Jumapili asubuhi maji yalikuwa mengi bado. Jumatatu kufikia adhuhuri yalikuwa yanadondoka. Wiki iliyofuata mambo yakawa hayo hayo, na iliyofuata pia. Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilimshuku fundi wa pampu kwa sababu alinisalimia kwa uchangamfu. Nilimshuku mkurugenzi alipofumba macho kuomba kabla ya mkutano. Nililitazama lile darasa la mawe, watoto wakiimba ndani, nikajiuliza lilijengwa ili wasome au ili sisi tunyamaze. Ni ugonjwa, mwanangu. Ukishaanza kushuku, huli chakula ukasikia ladha.

Mwishowe nikaenda kwa Bwana Ochola, nikamwomba kiwanda kisimame Jumatano moja, ili nione kama chemchemi itabadilika. Nilimwambia ni zoezi la chuo. Nilitarajia akatae. Akatabasamu na kusema, "Hakuna shida. Jumatano tutasimama." Akakubali upesi namna ile, nami nikatoka ofisini nikiwa na wasiwasi kuliko nilivyoingia.

Jumatano ikafika. Mashine zikanyamaza kweli, wafanyakazi wakapewa mafyekeo wafyeke nyasi za uani. Nilishuka chemchemini, nikaketi na Dani Apiyo na wanawake wengine, tukangoja. Maji yakadondoka. Jua likapanda, yakadondoka. Likageukia upande wa pili, yakadondoka vile vile. Mwanamke mmoja akaniambia, "Haya, msomi wetu, si ulisema?" Wakacheka, na mimi nikatamani ardhi inifiche.

Nilipanda kilima nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilipita nyuma ya ua, mahali ambapo bomba kubwa la kisima linaelekea kwenye matangi. Sijui ni nini kilinisimamisha. Niliweka kiganja juu ya lile bomba. Lilikuwa baridi, na lilikuwa linatetemeka.

Nilimkuta Bwana Ochola mlangoni pa ofisi. "Tulikubaliana tusimame," nikamwambia.

"Tumesimama. Leo hakuna hata chupa moja iliyojazwa."

"Lakini pampu inafanya kazi. Mnajaza matangi."

Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati. "Adhiambo, wewe ulisema kiwanda. Hukusema pampu."

Hakupaza sauti. Hata leo siwezi kukuambia kama alikuwa ananicheka au alikuwa ananifundisha kazi. Akaendelea kwa upole ule ule, akaniambia wageni kutoka hotelini watakuja kukutana na wenyeji, na ni mimi nitakayesimama kuwaambia, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, kwamba wenyeji hawana shida yoyote ya maji. Nikimaliza diploma, nafasi ya umeneja inaningoja.

Sasa lazima nikuambie habari za baba yako. Alikuwa akipakia maboksi kwenye lori pale kiwandani, na ndiye aliyekuwa akimtunza mama yetu. Nilipomwambia nilichokigundua, hakunishangilia. "Dada," akasema, "wale wageni wakiondoka na kiwanda kikifungwa, utatulisha wewe?" Usimlaumu. Alikuwa na haki ya kuuliza, na wenzake wengi walikuwa wanauliza vivyo hivyo bila kunitazama usoni.

Nikaenda kwa Mwalimu Chacha, nikitumaini ataniambia nisimame niwaumbue. Naye alinisikiliza, akakohoa, akasema, "Unachoshuku usikiseme. Wewe unakiamini, yeye atakikana, na mtabaki mkibishana. Wapeleke wakaone."

Siku ya mkutano hema zilisimamishwa kwenye uwanja wa shule. Chifu alikuja, wageni wakaja, wakiongozwa na mama mmoja mtu mzima aliyevaa viatu vya kutembelea porini. Viatu hivyo vilinipa moyo kidogo, kwamba atakubali kutembea. Bwana Ochola akaniita mbele. Nilimwona baba yako nyuma ya umati, amekunja mikono kifuani, anatazama chini.

Nikasema, "Wageni wetu, leo sitasema kwamba wenyeji wana shida ya maji, wala sitasema hawana. Naomba pampu ya kisima izimwe. Si mashine za chupa, ni pampu. Mgeni mmoja aione ikizimwa, na abaki pale pale. Sisi wengine tukatembelee darasa, tule chakula, na alasiri tushuke chemchemini."

Bwana Ochola alinitazama. Yule mama mgeni akamgeukia. "Kuna ubaya gani kuizima?"

"Hakuna," akajibu. Akaenda kuizima kwa mkono wake mwenyewe.

Wakati wa chakula hakuna aliyekaa karibu nami. Niliwaza, na kama nimekosea? Na kama chemchemi ina mambo yake tu? Au je, kama fundi yule ana njia nyingine ya kuvuta maji nisiyoijua? Alasiri tulishuka kwa mstari mmoja kwenye kile kijia chembamba, mimi mbele. Kabla hatujafika kwenye kona niliyasikia. Maji yalikuwa yakipiga jiwe.

Hakuna aliyepiga makofi. Dani Apiyo aliingiza mikono chini ya bomba, akanawa uso, akanywa, akaanza kuteka kama siku nyingine yoyote. Yule mama mgeni akamuuliza Bwana Ochola, "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku," akasema. "Sikwenda kuangalia."

Kiwanda hakikufungwa. Yalikuja mazungumzo marefu, yenye maneno makali na vikao vilivyovunjika, na mwisho wakakubaliana pampu isifanye kazi asubuhi na jioni, wakati wanawake wanateka, na kiangazi ipunguzwe zaidi. Wazee walichagua watu wao wa kuangalia pampu. Baba yako aliendelea kupakia maboksi mpaka alipoacha kwa hiari yake. Mimi nilimaliza diploma, na Bwana Ochola aliilipia mpaka mwisho. Lakini umeneja alipewa mtu mwingine aliyetoka Kisumu, na haikupita muda nikaambiwa kwamba kazi ya mapokezi haihitajiki tena. Niliambiwa kwa upole sana.

Miaka ilipita. Siku moja nilikutana naye Suna, Migori mjini, dukani nilikokwenda kununua mabati. Alikuwa amezeeka. Akanialika soda, tukaketi. Akaniambia, "Nilikuchagua kwa sababu nilihitaji mtu wa kuniuliza yale maswali. Ila nilitaka uniulize tukiwa tumefunga mlango." Huenda ni kweli. Huenda pia ni kauli aliyoitengeneza baadaye, ili sote wawili tulale vizuri. Nilimsikiliza, nikamshukuru kwa karo, nikamwombea heri. Kumwamini kabisa sikuweza, na sioni kwamba nilimkosea.

Sasa sikiliza, mwanangu. Huko unakokwenda watakufundisha maneno mazuri mengi, nawe yashike vizuri, maana bila hayo hawatakufungulia mlango. Lakini kampuni ikikuajiri kwa ajili ya uendelevu, kabla hujaandika sifa zake, jiulize inachukua nini na inakichukua kwa nani, kisha nenda mahali penyewe ukaangalie. Ukimshuku mtu, usikimbilie kumtangaza wala usijilazimishe kumsahau. Tafuta namna ya jambo kuonekana kwa macho ya watu, hata kama watakaoliona watakuonyesha kwamba wewe ndiye uliyekosea. Ukiomba kitu, kitaje kwa jina lake hasa, wasije wakakupa kingine na wewe ukashindwa kulalamika. Wakumbuke pia wanaokula kupitia kampuni hiyo, kwa kuwa kuifunga ni rahisi kuliko kuirekebisha, na anayelala njaa si mkurugenzi. Na siku watakapokuambia kwamba wamekuchagua kwa sababu watu wa kwenu watakuamini, furahi kidogo, kisha uwe macho sana. Imani ya watu wako si mali yako ya kuuza. Wamekuazima tu.

Nenda ukasome. Mungu akutangulie barabarani na darasani, akupe walimu wagumu na marafiki wa kweli. Akulinde na tabasamu zinazokubali upesi. Mikono yako ifanye kazi ya haki, wazee wa Rangwe wakutaje kwa furaha, na chakula utakachokula maishani mwako kisitokane na kiu ya mtu mwingine.

Shangazi yako,
Adhiambo