Tiketi ya Mwanafunzi Blandina

Blandina Kalinga alikuwa na miaka hamsini na sita alipoanza kidato cha kwanza. Mchana alipepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa pale Rujewa. Ikifika saa kumi alijikung'uta pumba kichwani, akachukua daftari na kwenda darasa la jioni la watu wazima. Utotoni alifaulu kwenda sekondari, ila baba yake alisema ng'ombe wa kuuza ni mmoja, na huyo ni wa kumsomesha Saulo, kaka yake. Siku ile Blandina alinyamaza. Ilimchukua miaka mingi kujisamehe ukimya huo.

Mwaka wake wa tatu darasani, mwalimu akawaambia kuwa tamthiliya wanayoisoma ingechezwa jukwaani Mbeya mjini, na wanafunzi wangelipa nusu bei. Waliopata nafasi ya kwenda walikuwa wawili tu: yeye na Asmaa, mama kijana wa miaka thelathini aliyekaa naye dawati moja. Jumamosi wakapanda basi pale Igawa, kwenye barabara kuu, na saa saba mchana walikuwa mbele ya dirisha la tiketi.

"Shikamoo mama," alisema muuzaji, kijana mwenye beji iliyoandikwa Obeid.

"Marahaba, mwanangu. Tupe mbili za wanafunzi."

Obeid akachungulia nyuma yao. "Wanafunzi wenyewe wako wapi?"

"Ndio sisi."

Foleni ikacheka. Blandina akapitisha vitambulisho viwili dirishani. Obeid akavigeuzageuza, akavirudisha.

"Mama, bei hii ni ya wanafunzi wa shule. Wenye sare."

"Bango lako linasema wanafunzi waje na kitambulisho. Sare imeandikwa wapi?"

Asmaa akamvuta Blandina kitenge. "Mama Sedekia, tulipe tu yaishe. Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Macho hayana kodi."

Obeid akashusha sauti, kwa upole. "Basi nikupunguzie kidogo, kwa heshima ya umri wako."

Hapo ndipo Blandina alipochukia kwelikweli. Dharau angeivumilia, alishaizoea. Lakini huruma hii ilimrudisha kuwa bibi wa kusaidiwa, na hakupanda basi asubuhi ile ili aje kusaidiwa.

"Sijaja kuomba," alisema. "Mtihani atakaoufanya mtoto mwenye sare ndio nitakaoufanya mimi. Kitabu chake ndicho changu. Nipe tiketi ya mwanafunzi, au niandikie kwenye karatasi kwamba mimi si mwanafunzi, uweke na sahihi yako."

Akaweka kalamu dirishani, akabaki amesimama palepale. Foleni ikaanza kunung'unika, mara hii ikimnung'unikia Obeid. Mwisho akatoka msimamizi, dada aliyeitwa Yasmini, akasoma vitambulisho, akalisoma na bango, akasema, "Wape."

Viti vya wanafunzi vilikuwa mbele. Blandina akaketi katikati ya mashati meupe, daftari pajani, na taa zilipozimwa jukwaa likamchukua mzima. Watu aliowajua kwa maandishi sasa walikuwa na jasho na sauti. Mama wa kwenye mchezo alipomwona binti yake akitolewa shule, akainama akaendelea kuchambua mboga, Blandina alilifunga daftari.

Mchezo ulipokwisha, kiongozi wa waigizaji akakaribisha maswali ya wanafunzi. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Blandina.

"Yule mama, kwa nini hakusema kitu?"

"Mwandishi alitaka kuonyesha hali ya wakati ule," kiongozi akajibu. "Wanawake hawakuwa na sauti."

"Sauti walikuwa nayo," alisema Blandina. "Waliogopa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mmetuonyesha moja."

Kiongozi akasema atalitazama hilo. Blandina hakuridhika. Aliketi, akafungua daftari, na chini ya maelezo ya mwalimu, yaliyosema vilevile kuhusu yule mama, akaandika kwa herufi kubwa: SIKUBALI. Halafu akaanza kuorodhesha sababu zake.